Mama wa kazini anajaza chati ya jokofu kabla siku haijafika, nimwambieje?

Shikamoo Mjomba,

Naomba usitaje jina wala mkoa maana huku watumishi tunajuana wote, ukipiga chafya kwenye zahanati yetu unaambiwa pole kata ya pili.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 26, niliajiriwa mwaka jana na bado niko kwenye ule mwaka wa majaribio, sijathibitishwa. Zahanati ni ya kijijini, tuko wanne tu: mfawidhi ambae ni tabibu, mhudumu wa afya mmoja, mimi, na muuguzi mwingine mtu mzima ambae ntamwita Mama K. Huyu mama ana miaka 56 na alikua hapa hata mimi sijaanza darasa la kwanza. Siku nashuka kwenye basi na begi na godoro yeye ndo alinipokea, nikakaa kwake miezi miwili na kitu kwasababu cheki namba ilikua haijatoka na mshahara hakuna, nimekula ugali wake, hadi hela ya vocha alikua ananipa. Kuzalisha nilisoma chuo lakini kuzalisha kwenyewe, usiku, umeme hakuna, tochi ya simu umeibana na meno, nimefundishwa na yeye. Nasema haya ili usinione mtovu wa shukrani.

Tatizo ni jokofu la chanjo. Kwa wasiojua, jokofu la chanjo linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8, na unasoma kipimajoto mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, unaandika kwenye chati, hata Jumapili hata sikukuu. Hiyo kazi ni ya Mama K miaka yote. Sasa kama miezi minne iliyopita nikaja kugundua chati inajazwa kabla. Jumatatu asubuhi unakuta imeshafika Ijumaa, 4, 5, 4, 5, wino ule ule. Mwanzo nikajua labda mimi ndo nimechanganya tarehe. Nikamuuliza mhudumu akacheka, akaniambia achana nayo wewe, hiyo iko hivo toka enzi za jokofu la gesi.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Wiki tatu zilizopita, Jumatatu, niliwahi sana, nikafungua jokofu nihesabu chupa za penta, ile chanjo ya watoto ya magonjwa matano, maana Jumanne ndo kliniki ya watoto. Kipimajoto kinasoma hasi 2. Chati inasema 5. Penta ikiganda imeharibika, na ya nimonia, na ya pepopunda, na ile ya HPV ya wasichana ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, hizi haziko kama polio ya matone au surua ambazo baridi zinaivumilia. Nikaangalia VVM, ile alama ya kwenye chupa inayobadilika rangi ikipata joto, zote safi, lakini VVM inakwambia chupa imepata joto, haikwambii kama iliganda. Nikaangalia kwa macho naona maji tu ya kawaida. Nikazungusha swichi, saa nne ikawa inasoma 4. Sikumwambia mtu. Kesho yake tukachanja watoto 31, nilihesabu jioni nikiwa nimekaa peke yangu.

Sio kwamba sijajaribu kabisa. Kwenye grupu la wasap la zahanati niliweka picha ya bango la namna ya kujaza chati ya joto nikaandika "tukumbushane tu wapendwa" na mikono ya maombi. Mama K akajibu "asante mwanangu Mungu akubariki". Siku tatu hakunisemesha zaidi ya salamu, ya nne akaniletea maandazi. Jumatatu ikafika, chati imejazwa tena.

Mfawidhi ni kijana wa miaka 31, Mama K anamwita mwanangu na yeye anamwita mama kabisa, nikienda kwake asubuhi najua jioni Mama K ameshajua. Halafu amebakiza miaka minne tu astaafu Mjomba, nikija kumharibia mafao yake ntamtazama vipi? Nyumba zetu ni ukuta mmoja, akikohoa nasikia.

Na lingine nakiri kwako tu. Kuna wikiendi alienda msibani akaniomba nimshikie chati, mimi nikalala, Jumatatu nikajaza za kukadiria, 5, 4, 5, 4. Kwa hiyo na mkono wangu umo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sio mvivu yule mama. Anatoka kuzalisha saa kumi alfajiri saa mbili yuko kliniki. Watoto wa kijiji hiki anawajua kwa majina, hata kadi haangalii, ananipa mimi nimsomee tarehe na namba ya chupa yeye anachanja tu. Ila kwenye hili la jokofu anadanganya, kila mtu anajua, na kila mtu kanyamaza.

Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Au niende kimya kimya kwa mratibu wa chanjo wilayani? Au ninyamaze tu nisubiri uhamisho? Rafiki yangu wa chuo anasema ripoti, kazi ni kazi. Mama yangu mzazi anasema aliyekulisha usimwaibishe.

Naomba unijibu mapema.
Muuguzi mwenye kiporo moyoni

*

Marahaba mpwa wangu,

Barua yako nilianza kuisoma ndani ya daladala nikapitiliza kituo, nikarudi kwa miguu nikiwa bado naifikiria. Kwanza pole. Nakuona umekaa peke yako ile jioni unahesabu watoto 31, na naona kabisa kwanini hujaweza kumwambia mtu, maana ukilitoa hili mdomoni haligusi jokofu peke yake, linagusa ugali uliokula, godoro ulilolazwa, na mikono iliyokufundisha kupokea mtoto gizani.

Nikikuelewa vizuri unachoniuliza ni namna ya kumwambia mtu mzima, tena aliyekulea kazini, kwamba kuna jambo analifanya sivyo, bila kumuaibisha na bila wewe kuharibikiwa. Nitakujibu hilo kwa kirefu. Lakini niruhusu kwanza nifungue fundo moja, maana naona kwenye barua yako umefunga vitu viwili kwenye kanga moja. Kuna habari ya Mama K na kuna habari ya chupa. Ya Mama K ina umri wa miaka, ilianza hata wewe hujaajiriwa, na ikichukua wiki mbili zaidi kupata maneno yake mazuri hakuna kitakachoharibika sana. Ya chupa ni nyingine. Chupa zilizokuwemo ndani ya jokofu ile Jumatatu ya hasi mbili, zimeisha zote? Au zingine bado zimo, zinasubiri Jumanne inayokuja? Hili hukuandika na ndilo nililolitafuta nikarudia kusoma mara ya pili.

Mimi sio mganga, kwa hiyo nilimuuliza rafiki yangu mfamasia bila kumwambia ni wapi wala nani. Akaniambia hasi mbili ya kipimajoto sio lazima iwe iligandisha chanjo, inategemea kipimajoto kilikaa wapi na baridi ile ilidumu muda gani, lakini kwa kuangalia kwa macho huwezi kujua. Akanikumbusha jaribio la kutikisa ambalo bila shaka ulifundishwa: unachukua chupa moja ya aina hiyo hiyo na toleo hilo hilo unaigandisha makusudi, unaiacha iyeyuke, unaitikisa pamoja na ile unayoitilia shaka halafu unaziweka chini uone ipi inatuama haraka. Na akasema chanjo iliyoganda kwa kawaida sio sumu, shida yake ni kwamba imepungua nguvu, mtoto anaonekana kwenye kadi amekingwa kumbe huenda hajakingika. Watoto waliokwisha kuchanjwa wafanyiwe nini huo ni uamuzi wa watu wa chanjo wilayani, sio wako wala wangu, na nadhani kuna nafuu fulani hapo, kwamba sio lazima uubebe peke yako. Ila hawawezi kuamua kitu ambacho hawajaambiwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua mimi naona ipi haisubiri, ni hiyo. Kusema "tarehe fulani asubuhi nilikuta jokofu linasoma hasi mbili nikalirekebisha, naomba tuangalie zile chupa" hakuhitaji jina la mtu yeyote. Najua utaniambia Mjomba, wakiambiwa tarehe watafungua chati, na chati inasema 5. Kweli. Hapo ndipo fundo linakaza na sitaki nikudanganye kwamba kuna njia ya kupita bila kugusa. Ndio maana nadhani ni heri Mama K alisikie kwako kabla hajalisikia kwingine, hata kama ni jioni ya siku moja kabla.

Haya, tuje kwake.

Kuna maneno mawili umeyaandika kwa haraka nataka uyarudie taratibu. La kwanza "kila mtu anajua". Nimehesabu. Anajua mhudumu aliyecheka. Unajua wewe. Mfawidhi hujaniambia kama amewahi kusimama mbele ya ile chati akaisoma, umeniambia tu anamwita mama. Watu wa wilaya wanaokuja kukagua wanaona karatasi imejaa namba nzuri wanapita. Inawezekana kabisa huyo kila mtu ni watu wawili na kicheko kimoja.

La pili ni "anadanganya". Labda. Mimi simjui. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia, bila hata kuona kwamba umeandika, kwamba kadi za watoto anakupa wewe umsomee tarehe na namba. Umelichukulia kama sifa, kwamba anawajua watoto hadi hahitaji kadi. Mtu wa miaka 56, mpwa wangu, mimi mwenyewe nilipofika arobaini na kitu nilianza kusogeza gazeti mbali mpaka mkono ukaisha. Hicho kipimajoto chenu ni cha namna gani? Kama ni kile cha kijiti chenye mistari midogo kama nywele, kimelala nyuma ya maboksi, gizani, sitashangaa kama mama wa watu ameacha kukisoma siku nyingi kwa sababu hakioni, na kwa mtu ambae kijiji kizima kinamtegemea kusema "sioni" ni neno zito kuliko 4, 5, 4, 5. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujui, na namna utakavyomkabili inategemea sana kama umekwenda ukiwa umeshamhukumu au umekwenda kuuliza.

Au pengine ni ile ya maofisini, ambayo nimeiona mimi nikiwa karani wa stoo: ukiacha pengo kwenye daftari unagombwa mbele ya watu, ukijaza uongo unasifiwa kwa unadhifu. Mtu akigombwa mara mbili kwa pengo la Jumapili aliyokuwa anazalisha, ya tatu anajaza Jumatatu yote amalize. Na wewe wikiendi ya msiba ulifanya nini? Uliogopa pengo. Sikusimangi. Nakuonyesha tu kwamba mlango aliopitia yeye na wewe umeshaupita, ulikuwa wazi na hakuna aliyeuzuia.

Hilo ungamo lako uliloliweka mwishoni kama kitu cha pembeni mimi naliona ndio mali uliyonayo. Wengi tukienda kumwambia mtu kosa lake tunaenda tukiwa wasafi, na usafi huo ndio unaomchoma. Tunaanza na "nakuheshimu sana mama ila", na Mswahili yeyote akishasikia ile "ila" yaliyotangulia yote yanafutika. Sasa wewe huna haja ya kuanza hivyo. Unaweza ukaanza na la kwako. Jioni, nyumbani kwake na sio pale jokofuni akina mama wamejaa, labda mkiwa mnachambua mboga maana mikono ikiwa na kazi macho yanapata pa kwenda, ukasema: "Mama, kuna kitu nimekifanya kinanisumbua. Ile wikiendi ulipoenda msibani chati nilijaza za kukadiria. Halafu Jumatatu ya juzi juzi nilikuta jokofu liko hasi mbili, nikaogopa, nikanyamaza, tukachanja. Sijui tufanyeje." Halafu unyamaze. Hapo ndipo pagumu, utataka kujaza ule ukimya kwa kuchekacheka na kusema "lakini sio kesi". Usiufunike. Umemwachia nafasi aingie mwenyewe, anaweza akasema "hata mimi mwanangu sikioni kile kijiti", anaweza akasema "hiyo chati mimi naijazaga tu", anaweza akaja juu.

Na akija juu? Tuseme ukweli inawezekana. Anaweza akakwambia nilikupokea hapa hujui hata kushika mkasi leo unanifundisha kazi. Anaweza akalia, na mtu mzima akilia mbele yako utatamani ardhi ipasuke. Anaweza akakukubalia kwa upole wote, Mungu akubariki mwanangu, na Jumatatu chati ikajaa kama kawaida, hilo mimi ndilo ninaloliogopa zaidi kwa sababu umeshalionja. Ikifika hapo utakuwa umetumia heshima yako yote na jambo liko pale pale, na itabidi ujue mapema hatua ya pili ni ipi, na pengine umwambie yeye mwenyewe: "Mama, hili la zile chupa itabidi nimwambie mfawidhi kabla ya kliniki, nimeona nisilisemee pembeni yako."

Kwa upande mwingine lile bango la wasap. Usijilaumu, wengi wetu ndivyo tulivyolelewa, jambo zito tunalizungusha, kama ni jirani unavaa kanga yenye jina lake ukapita mbele ya mlango wake. Fumbo mfumbie mjinga mwerevu atalifumbua, na yeye alilifumbua siku ile ile, ndio maana ya zile siku tatu. Ila ulimfumbia mbele ya watu wengine wawili, naye akabaki hana pa kujibia isipokuwa kushukuru. Yale maandazi ya siku ya nne nimeyawaza sana. Inaweza kuwa ni "yaishe". Inaweza kuwa ni "nimekusikia ila siwezi". Hukumuuliza, ukayala. Na mimi ningeyala.

Nina kisa kimoja cha mbali kidogo. Mwaka 1977, Machi 27, kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye ukungu, moja ya KLM na moja ya Pan Am, wakafa watu 583. Rubani mkuu wa ile ya KLM alikuwa mtu mzito, mwalimu wa marubani wenzake. Ndege inaanza kukimbia kuruka, fundi wao aliyekaa nyuma yake akaingiwa na shaka kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Akauliza, kwa adabu, kwa njia ya swali. Mkubwa akajibu ndio, kwa mkazo. Akanyamaza. Baadae ndio mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha watu wake namna mdogo anavyotakiwa kusema shaka yake mpaka isikike, na mkubwa anavyotakiwa kuipokea. Sikufananishi jokofu lenu na lile balaa, lakini nimeshindwa kutomfikiria yule fundi nilipofika kwenye bango lako na mikono ya maombi. Alisema, kweli alisema, ila alisema kidogo mno. Adabu yako ni nzuri mpwa wangu, angalia tu isiwe laini kiasi kwamba mtu anaweza kuishukuru akaendelea.

Njia ya mfawidhi. Unaogopa atamwambia Mama K jioni. Kama Mama K ameshasikia kwako, hiyo hofu imepungua nusu. Na kwa mfawidhi unaweza kwenda na maombi badala ya mashtaka, kwa mfano jokofu liwe la zamu, kila wiki mtu wake, na chati iwe na saini ya anayesoma, na mwombe wilaya kipimajoto cha namba kubwa au kile kifaa kinachojirekodi chenyewe siku 30 kikalia alamu. Hapo Mama K anatuliwa mzigo bila kuvuliwa nguo. Hatari yake ni kwamba mfawidhi akiwa mtu wa kusogeza mambo mbele atasema sawa tutalipanga, na ukiwa umempelekea zamu tu bila zile chupa utakuwa umetengeneza kesho ukaiacha ile Jumatatu imelala. Hatari nyingine, Mama K anaweza kuona zamu ni namna ya kumnyang'anya jokofu, na kwa mtu aliyebakiza miaka minne kunyang'anywa kazi aliyoishika miaka yote kunauma kuliko kusemwa.

Kwenda wilayani kimya kimya. Sikuzuii. Ipo hata Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na wewe una baraza lako la uuguzi na ukunga ambalo leseni yako inakuwajibisha kwake, hata kama uko kwenye majaribio. Lakini sheria ni jambo moja na kuishi ukuta mmoja ni jambo jingine. Zahanati ina watu wanne, taarifa ikitoka ya siri watahesabu vidole hawatafika hata cha tatu. Na siri ina tabia moja mbaya, Mama K akija kujua utakuwa umemkosea mara mbili, kwa kusema na kwa kumlia maandazi yake huku umeshasema. Hata hivyo ikiwa mfawidhi atakuziba mdomo na zile chupa bado zimo, hesabu inabadilika, na nadhani unaijua bila mimi kukuandikia.

Kusubiri uhamisho nitapita haraka. Unaweza ukaupata, ukaenda zako, na kipimajoto kikabaki pale na mwingine akaja na godoro lake.

Hilo la mafao. Umeandika kama vile kalamu ya kumfuta kazi iko mkononi mwako. Haiko. Utakachosema ni ulichokiona, watakachoamua ni chao, na inawezekana likaishia kwenye kuelekezana na pengine barua ya onyo, ingawa siwezi kukuahidi. Jiulize pia upande wa pili, kama jambo hili likija kugundulika bila wewe, siku watoto wa kijiji wanaanza kuugua kitu walichochanjwa, yeye akiwa amebakiza mwaka mmoja, itakuwa imemharibia kidogo au zaidi? Na hapo kijiji kile kinachomwita mama kitamwitaje?

Ndipo narudi kwa mama yako mzazi, maana neno lake halikuniacha. Aliyekulisha usimwaibishe. Sina ubishi nalo hata kidogo. Ninachojiuliza ni aibu ipi anaisema, ile ya jioni moja kwenye kigoda mkiwa wawili, au ile nyingine. Na rafiki yako wa chuo nae sina ubishi nae, ila yeye hajala ule ugali. Huenda wote wawili wanakusukuma sehemu moja bila kujua.

Mimi niliwahi kumwambia mzee mmoja stoo kwetu kwamba daftari lake haliendani na mzigo, nikamwambia kweli tupu, hesabu ilikuwa upande wangu, lakini nilimwambia mbele ya dada wa chai. Daftari lilirekebishwa wiki hiyo hiyo. Hatukuwahi kula pamoja tena mpaka anastaafu, na mpaka leo sijui kama lilirekebishwa kwa sababu ya maneno yangu au ilikuwa lirekebishwe tu. Hicho ni kiporo changu, nimekupa na wewe kwa kuwa umenipa chako.

Barua yako umeituma Alhamisi, kliniki yenu ni Jumanne. Niandikie, hata mistari miwili, uniambie zile chupa zimo au zimekwisha, na kile kipimajoto ni cha kijiti au cha namba. Na leo asubuhi kilisoma ngapi?

Mjomba wako